Kuhamisha DVD ya harusi iingie kwenye flashi na deki ya zamani iisome

Mwaka juzi mwezi wa saba nilipanda Coaster ya Tukuyu na flashi mfukoni, najiona fundi. Shangazi yangu ana deki ya siku nyingi, ya enzi zile ambazo sebule bila kabati la DVD haikuwa sebule. Lenzi ilishakufa. Ukiweka diski inazunguka, inakwaruza, inatulia, halafu inaandika kwamba hakuna diski. Ila tundu lake la USB ni zima, na kila Jumapili analitumia kusikilizia kwaya. Nikaona hapa pa kusaidia. Nilikuwa nimechukua DVD zake mbili za harusi ya binti yake, nikazigeuza faili moja la MP4 la masaa matatu, picha safi kabisa.

Deki ikaonyesha jina la faili, ikafikiri kidogo, ikakataa.

"Baba," shangazi akaniambia, "hii ndiyo uliyoilipia nauli?"

Kosa langu lilikuwa dogo na la kijinga. Faili lilicheza kwenye laptopu, nikaridhika. Laptopu yenye programu ya VLC inacheza karibu kila kitu unachoitupia. Deki siyo hivyo: ndani ina chipu iliyofundishwa lugha chache kiwandani, na hakuna wa kuiongezea nyingine. Tangu siku ile hapa kibandani kwangu Kabwe, jijini Mbeya, sigeuzi video ya mtu kabla sijaweka sampuli ya dakika moja kwenye chombo chenyewe. Nitaeleza hatua zote, lakini ukisahau nyingine zote, hiyo usiisahau.

Soma uso wa deki kwanza

Angalia mbele ya deki, pembeni ya mlango wa diski. Ukikuta nembo ya DivX, au maandishi MPEG-4, una bahati. Deki hiyo inasoma video ya aina ya DivX na Xvid iliyofungwa kwenye faili la AVI, yenye sauti ya MP3, na picha isiyozidi pikseli 720 kwa 576. Deki nyingi za kizazi hicho zinaishia hapo. H.264, ambayo ndiyo imo kwenye MP4 nyingi za leo na ndiyo inayorekodiwa na simu nyingi, haziijui. Faili la MKV huwa haziligusi kabisa.

Kuna watu wanabadilisha jina la faili kutoka .mp4 kwenda .avi wakidhani wameipiga deki chenga. AVI ni gunia tu. Ukiandika "viazi" juu ya gunia la mahindi, mpishi atagundua akifungua. Kilichomo ndani ndicho kinachosomwa.

Kama deki haina nembo yoyote kati ya hizo, huenda inasoma MP3 na picha za JPEG peke yake. Usikate tamaa kabla ya sampuli, lakini usimwahidi mtu.

Flashi nayo ina masharti. Iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Flashi iliyofomatiwa NTFS au exFAT, deki za zamani zinaiona kama haipo. Flashi ya GB 8 au 16 inatosha sana, na usihangaike na kubwa, maana dirisha la kawaida la Windows la kufomati limezoeleka kukataa kutoa FAT32 flashi ikizidi GB 32. FAT32 haikubali faili moja kufika GB 4, ila kwa kazi hii hatutakaribia huko.

Kuitoa video kwenye diski

Diski ikitoka kabatini Tukuyu, kwenye mvua karibu mwaka mzima, huwa imeshika ukungu. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo ya maji, ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba, na ufute kutoka katikati kwenda nje kama miale ya jua. Usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya lenzi kwa ufupi unarekebishika wakati wa kusoma, lakini unaofuata duara unaweza kufuta kipande kizima. Na kama mteja kashuka asubuhi kutoka Makete au Njombe na diski ya baridi, iache mezani nusu saa. Ikiingia kwenye laptopu yenye joto inatoa jasho, halafu unailaumu bure.

Fungua diski kwenye kompyuta, utaona folda inayoitwa VIDEO_TS. Humo kuna mafaili ya aina tatu. Ya .IFO ni ramani, ya .BUP ni nakala za hizo ramani, na ya .VOB ndiyo mzigo: video, sauti na maandishi yamesukwa pamoja. Kila VOB inakatwa kabla ya kuvuka GB 1, ndiyo maana harusi moja inatokea vipandevipande: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Ile yenye sifuri, VTS_01_0.VOB, ni menyu, yaani yale maua na mioyo inayoelea. Iache.

Nakili folda yote kwenye kompyuta. Usifanye kazi moja kwa moja kutoka kwenye diski, lenzi ya laptopu nayo inazeeka. Windows ikigoma na kuandika "cyclic redundancy check", kuna sehemu imeshindwa kusomeka. Osha tena, au jaribu kwenye kompyuta nyingine, maana lenzi hazilingani macho. Ikishindikana kabisa, tafuta mwenye Linux atumie programu ya ddrescue, ambayo inachukua kwanza kila kinachosomeka halafu inarudi kung'ang'ania palipobaki:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

`ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Ile 2048 ni ukubwa wa sekta moja ya DVD kwa baiti. Inaweza kuchukua masaa. Iache ifanye kazi, kaendelee na shughuli nyingine.

Neno moja hapa. Ninazungumzia diski zako: harusi, kipaimara, msiba, kwaya ya mtaa mliyojirekodi wenyewe. Muvi za dukani nyingi zimefungwa kwa kufuli la siri, na ukinakili VOB zake unapata miraba ya rangi badala ya picha. Tena tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Mimi sizigusi.

Sampuli

Programu ninayotumia ni ffmpeg. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Linux na Mac, na haina sura: unaandika amri. Wengi wanaikimbia kwa sababu hiyo, na wanakosea. Programu zenye vitufe vya kupendeza nyingi zinaweka nembo yake katikati ya uso wa bwana harusi mpaka uilipie.

Kwa Windows ujanja ni huu: pakua ffmpeg, fungua zipu, toa faili la ffmpeg.exe uliweke ndani ya folda ileile yenye VOB. Halafu bofya sehemu ya juu inayoonyesha njia ya folda, futa kilichopo, andika `cmd`, bonyeza Enter. Dirisha jeusi linafunguka likiwa tayari limesimama mahali sahihi. Sasa chukua VOB ya pili, ambayo kwa kawaida ndiyo inaanza kuchangamka, na ukate dakika moja:

`ffmpeg -i VTS_01_2.VOB -t 60 -vf "yadif,scale=640:480,setsar=1" -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1200k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ac 2 jaribio.avi`

Inaonekana kama mkeka wa herufi, ila kila kipande kina kazi yake.

`-t 60` ni sekunde 60. `-c:v mpeg4` ni lugha ya video ambayo deki inaijua, na `-vtag XVID` ni kibandiko kinachoitangaza hivyo, kwa kuwa deki nyingine zinasoma kibandiko kabla ya kufungua mzigo. `-c:a libmp3lame` ni sauti ya MP3, na `-ac 2` ni spika mbili. Kwenye DVD sauti mara nyingi ni AC-3, ambayo baadhi ya deki zinaikubali ikiwa ndani ya AVI na nyingine zinakaa kimya. MP3 haijawahi kuniangusha.

Vilivyobaki, yadif na scale, vinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyotofautisha kazi nzuri na ile inayorudishwa.

Kamera za harusi za zamani hazikupiga picha nzima 25 kwa sekunde. Zilipiga nusu 50: mistari ya shufwa, kisha ya witiri, zikibadilishana. Televisheni za kichogo zilipenda hivyo. Ukizigandamiza nusu mbili kuwa picha moja, kila kinachokimbia kinapata meno kama ya kitana. Bibi harusi akisimama hana tatizo. Akianza kucheza, mikono inakuwa na magamba. `yadif` inaziba hayo meno. Ili ujue kama unayahitaji, fungua VOB kwenye VLC, zima Deinterlace kwenye menyu ya Video isije ikakuficha meno, simamisha picha wakati mtu anapunga mkono, angalia kingo za mkono. Usipoona meno, ondoa neno yadif pamoja na mkato wake.

`scale` ni ukubwa wa picha. DVD zetu ni za mfumo wa PAL, pikseli 720 kwa 576, lakini pikseli zake siyo mraba. Diski inabeba maagizo pembeni kwamba "nivute niwe 4 kwa 3" au "nivute niwe 16 kwa 9", na deki za zamani zikisoma AVI hazijali maagizo hayo. Ndiyo maana video nyingi za kukonvati zina watu wembamba kama milingoti. Dawa ni kuivuta wewe mwenyewe kabla, na `setsar=1` inaandika kwamba pikseli sasa ni mraba. Kwa harusi ya zamani, ya 4 kwa 3, weka 640:480. Kwa ya skrini pana weka 720:400. Namba zote hizo zinagawanyika kwa 16, jambo ambalo chipu za zamani zinalipenda. Kama hujui ni ipi, tazama kitu cha duara, keki au sahani ya kulishana, kisha amua.

Chukua jaribio.avi, liweke kwenye flashi, nenda kwenye deki. Mteja wangu wa Uyole huwa namwambia arudi nalo nyumbani siku hiyohiyo na anipigie. Kwa shangazi nilituma sampuli kwa dereva wa Coaster.

Ikikataa, au ikicheza vibaya

Picha ipo, sauti hakuna: hakikisha umeweka MP3. Sauti ipo, picha nyeusi: jaribu kibandiko `DX50` badala ya `XVID`. Deki haioni faili kabisa: rudi kwenye flashi na FAT32. Picha inakwamakwama kila baada ya sekunde chache: punguza bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, kutoka 1200k hadi 900k. Tundu la USB la deki nyingi za zamani ni la kizazi cha kwanza, la megabiti 12 kwa sekunde kwenye karatasi, na halisi ni chini ya hapo. Ndiyo maana hata kama deki inaelewa MPEG-2, kumwagia VOB nzima kwenye flashi kunakwama: DVD inaruhusiwa video ya hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, na tundu linapumulia juujuu.

Hesabu ya ukubwa

Jumlisha bitireti ya video na ya sauti, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8. Diski moja ya shangazi ni dakika 90, yaani sekunde 5,400. Video 1200 na sauti 128 ni kilobiti 1,328. Ukizidisha na kugawanya unapata kilobaiti 896,400, karibu MB 900. Diski zote mbili hazifiki GB 2. Ukitaka picha nono zaidi panda mpaka 1500k kama sampuli haikukwama. Zaidi ya hapo ni kunenepesha faili tu, kwa sababu mkanda wa kamera ya siku zile hauna hicho cha ziada unachokitafuta.

Kazi nzima

Sampuli ikikubali, unganisha VOB kwa mpangilio wake. Amri hii ni ya lile dirisha la cmd, kwenye PowerShell haifanyi kazi hivi:

`copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB+VTS_01_4.VOB diski1.vob`

Zikiwa tano, ongeza ya tano. Kisha tunapita mara mbili. Mara ya kwanza programu inaitazama harusi yote bila kuandika video yoyote, inajifunza wapi kuna vurugu na wapi watu wamekaa wanasikiliza mahubiri. Mara ya pili inagawa data kulingana na hayo:

`ffmpeg -analyzeduration 100M -probesize 100M -i diski1.vob -vf "yadif,scale=640:480,setsar=1" -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1200k -pass 1 -an -f null -`

`ffmpeg -analyzeduration 100M -probesize 100M -i diski1.vob -vf "yadif,scale=640:480,setsar=1" -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1200k -pass 2 -c:a libmp3lame -b:a 128k -ac 2 -af aresample=async=1 diski1.avi`

Maneno mawili ya mwanzo yanailazimisha programu isome mbali zaidi kabla ya kuamua kuna sauti gani, kwa sababu VOB nyingine zinaanza na ukimya na sauti inaachwa nyuma. `aresample=async=1` inashikilia sauti isitangulie midomo pale diski ilipopoteza vipande. Hiyo niliiongeza baada ya kumrudishia mchungaji mmoja video ambayo "Amina" ya waumini inasikika kabla hajafungua mdomo kuomba.

Hakikisha laptopu ina betri nzima. AVI inaandika faharasa yake mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika ikiwa asilimia 95, ulichonacho ni faili ambalo deki huenda isilifungue, au ilifungue bila uwezo wa kuruka mbele. Lifute, anza tena. Nimejaribu kuyaokoa ya namna hiyo, na muda niliopoteza ungetosha kuyafanya upya mara mbili.

Kata, pa majina, panga

Rimoti ya deki kuruka ndani ya faili la dakika 90 ni mateso. Kata kwa matukio:

`ffmpeg -i diski1.avi -t 00:42:00 -c copy 01KANISA.AVI`

`ffmpeg -ss 00:42:00 -i diski1.avi -t 00:30:00 -c copy 02UKUMBI.AVI`

`-c copy` maana yake hakuna kugeuza upya, ni mkasi tu, inaisha kwa sekunde chache na ubora haupungui. Majina yawe mafupi, herufi na namba, kwa kuwa deki nyingine zinaonyesha herufi nane tu, zilizobaki zinamezwa. Na jambo ambalo sijaliona likiandikwa mahali: deki za bei nafuu hazipangi kwa alfabeti, zinapanga kwa jinsi mafaili yalivyoingia kwenye flashi. Ukiyabwaga yote kwa pamoja, keki inaweza kukatwa kabla ya kiapo. Nakili moja, subiri liishe, nakili linalofuata. Ukimaliza toa flashi kwa utaratibu, usiichomoe.

Folda ya VIDEO_TS usiifute. Iweke kwenye diski ya nje. Kila ukigeuza video kuna kitu kinapotea, na siku shangazi akipata televisheni mpya utaanzia kwenye asili, siyo kwenye AVI. Anayetoa fotokopi anajua kopi ya kopi inavyofifia, mpaka muhuri unakuwa doa.

Kama chombo chako ni kipya

Televisheni bapa yenye USB inayosoma H.264 haihitaji mateso yote hayo. Hapo tumia HandBrake, ya bure na yenye vitufe. Ifungulie folda ya VIDEO_TS, itatafuta yenyewe kipande kirefu. Chagua mpangilio wa "Fast 576p25", acha MP4, weka ubora RF 20, washa kiondoa meno kwenye "Filters" kama uliyaona, anza. Uwiano wa picha inaupanga yenyewe. Lakini usiitumie kwa deki ya zamani: AVI iliondolewa humo tangu toleo la 0.9.4 la mwaka 2009, na miongozo inayosema vinginevyo ni ya kabla ya hapo.

Mara ya pili sikwenda Tukuyu. Flashi ilikwenda na Coaster ikiwa imefungwa kwenye bahasha, nikakaa na simu. Kwenye saa mbili usiku ikaita, nyuma yake ngoma zinalia na watoto wanapiga kelele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, ndaga fijo, asante sana. Hebu niambie, nikitaka bibi yako anavyocheza nabonyeza ngapi?"

Nikamwambia tatu, 03NGOMA. Akakata simu bila kuaga.